Maji ya kisima Arusha na Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupima na kufuatilia ubora wake

Maswali haya yameletwa na watu wa Sakina, Ngaramtoni, Usa River, Maji ya Chai, Boma Ng'ombe na Moshi mjini: wenye visima nyumbani, walimu wakuu, kamati za maji, na vijana wanaofanya kazi kwenye mitambo ya kuchimba. Machache yametoka kwa ndugu zetu walioko Mbinga na Songwe, kwenye makaa ya mawe. Nayo nimeyajibu humu humu, maana kazi ni ile ile: kujua maji yalikuwaje, yakoje sasa, na kitu gani kimeyabadilisha. Napima maji hapa Arusha, na jambo linaloniuma ni kuona kijiji kizima kikinywea kisima ambacho mara ya mwisho kilipimwa siku mtambo wa kuchimba ulipoondoka.

Maji yangu ni maangavu, hayana harufu wala ladha. Nipime ya nini?

Kwa sababu kinachowadhuru watu wengi hapa kwetu hakionekani wala hakinuki. Chukua floraidi, madini ambayo yakizidi kwenye maji yanaharibu meno na mifupa. Weka mezani glasi mbili, moja ina miligramu 1 ya floraidi kwa lita na nyingine ina 10: hutazitofautisha. Naitreti inayotoka vyooni haionekani pia, na bakteria hali kadhalika. Maji ya tope tunayaona, tunayachuja, tunayakataa. Haya maangavu ndiyo tunayowapikia watoto uji.

Hii floraidi inatoka wapi? Kuna kiwanda kinachoimwaga?

Hakuna kiwanda. Inatoka kwenye mwamba wenyewe. Mlima Meru ni volkano, ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910, na majivu na mawe uliyoyatapika kwa maelfu ya miaka yana madini yenye floraidi ndani yake. Mvua inanyesha juu mlimani, inazama, inapenya taratibu katikati ya mawe hayo, na njiani inachukua floraidi kidogo kidogo. Kadiri maji yanavyokaa na mwamba, ndivyo yanavyobeba zaidi.

Kuna jambo la pili ambalo wachimbaji wengi hawaambiwi. Maji ya eneo hili yana sodiamu na baikaboneti nyingi lakini kalsiamu haba. Kalsiamu ingekuwa nyingi, ingeikamata floraidi na kuifanya punje ngumu zinazobaki kwenye mwamba. Ikiwa haba, floraidi inabaki imeyeyuka, tunainywa. Kwa hiyo maji laini yanayotoa povu upesi, yale ambayo kila mama anayafurahia kufulia, hapa Arusha yapime mapema kuliko mengine.

Upande wa kaskazini wa Meru, kuelekea Ngarenanyuki na Oldonyosambu, kuna vyanzo vilivyopimwa na kuzidi miligramu 20 kwa lita. Maziwa ya Momella yanafika mamia. Miteremko ya Kilimanjaro kwa jumla ina floraidi ndogo zaidi, ndiyo maana chemchemi za Nsere na Shiri zimeweza kuhudumia mji wa Moshi kwa miaka mingi. Lakini ukishuka tambarare, kuanzia Hai kuja Kikuletwa, maji ya volkano hizi mbili yanakutana chini ya ardhi na kila kisima kina tabia yake. Mtu wa Moshi asidhani jambo hili ni la Arusha peke yake.

Kiwango salama ni kipi?

Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kiwango cha Tanzania cha maji ya kunywa, TZS 789, siku hizi ni hicho hicho 1.5. Haikuwa hivyo zamani. Miaka ya 1970 nchi iliruhusu kwa muda hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa sababu vyanzo mbadala havikuwepo, na baadaye ikawa 4. Ukikuta cheti cha zamani cha kisima kimeandikwa "yanafaa", usiishie kwenye neno hilo. Tafuta namba.

Nawaomba pia mfikirie kiasi ambacho mtu anakunywa. Mkulima anayeshinda shambani jua kali kule Mbuguni anaweza kunywa lita 4 kwa siku. Kwenye maji ya miligramu 3, hizo ni miligramu 12 kabla hajala chochote.

Nikichemsha, inatoka?

Haitoki. Inazidi, kwa sababu maji yanapungua kwa mvuke na floraidi inabaki. Chemsha kwa ajili ya vijidudu. Klorini nayo haigusi floraidi, wala chujio la mchanga, wala la kitambaa.

Jirani yangu amepima na majibu ni mazuri. Yuko mita 200 tu kutoka kwangu. Naweza kutumia majibu yake?

Hapana, na swali hili linarudi kila wiki. Chini ya ardhi hapa kuna tabaka za majivu, za tope la volkano lililoganda, za mawe magumu yenye nyufa, zimepangana bila mpango. Kisima cha jirani kinaweza kuwa kinanyonya kutoka mita 40 na chako kutoka mita 110. Cha muhimu kuliko kina cha shimo ni sehemu yalipowekwa mabomba yenye matundu, maana hapo ndipo maji yanapoingilia. Mchimbaji anajua. Mdai ripoti ya uchimbaji yenye mchoro wa tabaka na mahali matundu yalipo, kabla hujamlipa fedha ya mwisho. Ripoti hiyo pia inatakiwa kufika kwenye bodi ya maji ya bonde, ile inayosimamia vyanzo vya maji vya eneo lako.

Nilipima mwaka niliochimba. Haitoshi?

Ile ilikuwa picha ya siku moja. Ufuatiliaji ni jambo jingine: unapima mahali pale pale, kwa njia ile ile, kwa miaka, ili uone mwelekeo.

Maji hubadilika kwa sababu nyingi. Ya kwanza ni majira. Mwisho wa kiangazi, mwezi wa tisa au wa kumi, kisima kinatoa maji ya zamani yaliyokaa sana na mwamba. Baada ya masika, maji mapya yanaingia na kuyapunguza makali. Kwa kisima kifupi, msimu huo huo wa mvua ndio unaoleta bakteria na uchafu wa vyooni. Ya pili ni kusukuma kwa pupa. Pampu kubwa ikifanya kazi saa 18 kwa siku, kiwango cha maji kinashuka na kisima kinaanza kuvuta kutoka tabaka za chini au za mbali ambazo hazikuwa zikichangia mwanzoni. Nimeona floraidi ikipanda hivyo, mwaka hadi mwaka, bila mtu kubadilisha chochote isipokuwa ukubwa wa pampu. Ya tatu ni sisi wenyewe: nyumba zinaongezeka Muriet, Moshono na Kisongo, kila nyumba na shimo lake la choo, na naitreti inapanda polepole. Naitreti ikizidi miligramu 50 kwa lita ni hatari kwa mtoto mchanga anayelishwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo.

Nimetaja sababu tatu za mabadiliko. Kipimo kimoja cha siku ya uzinduzi hakiwezi kukuonyesha hata moja kati ya hizo.

Basi nipime nini, na mara ngapi?

Kwa kisima kipya, pima kila kitu mara moja kwa ukamilifu: pH (kipimo cha uasidi wa maji), uwezo wa maji kupitisha umeme, floraidi, naitreti, kloridi, salfeti, baikaboneti, kalsiamu, magnesiamu, sodiamu, potasiamu, chuma, manganizi na bakteria wa kinyesi. Rudia msimu wa pili wa mwaka huo huo. Huo ndio msingi wako.

Baada ya hapo, floraidi na naitreti mara mbili kwa mwaka, masika na mwisho wa kiangazi. Bakteria mara kwa mara zaidi, hasa kama kisima ni cha shule au zahanati. Hao kiwango chao ni sifuri kwenye mililita 100. Kina cha maji kipime kila mwezi. Hicho hakihitaji maabara wala fedha, kinahitaji utepe na mtu mwaminifu, na ndicho wengi wanachokiacha.

Sampuli inachukuliwaje? Nimezoea kujaza chupa ya soda na kupeleka.

Chupa ya soda iache. Majibu mengi mabaya yanazaliwa kabla maji hayajafika maabara, na hapa nitakaa kidogo.

Kwanza toa maji yaliyolala kwenye bomba la kisima, kwa sababu yamekaa na hewa na chuma, hayawakilishi yale ya kwenye mwamba. Kanuni ya kawaida ni kutoa ujazo wa bomba mara tatu. Bomba lenye kipenyo cha sentimita 15 linabeba karibu lita 17.7 kwa kila mita ya maji. Kama kisima kina mita 30 za maji, hizo ni lita 530, na mara tatu ni kama lita 1,590. Wakati pampu inafanya kazi, chovya mita kila baada ya dakika chache usome pH, joto na upitishaji umeme. Namba zikitulia, chukua sampuli.

Chukua kwenye kichwa cha kisima, siyo kwenye bomba la jikoni baada ya tangi. Tangi lina historia yake.

Chupa ya floraidi iwe ya plastiki, kwa sababu floraidi inaweza kushikana na kioo. Isuuze mara tatu kwa maji yale yale ya kisima kabla ya kujaza. Ya metali inataka maji yaliyochujwa pale pale kisimani kwa chujio lenye matundu ya mikromita 0.45, kisha yatiwe asidi ya naitriki kidogo hadi pH ishuke chini ya 2. Bila hivyo chuma kinaganda kwenye kuta za chupa na maabara inakuambia hakipo. Ya bakteria ni tofauti kabisa: chupa iliyotakaswa na maabara, husuuzi, hugusi mdomo wake, na kama maji yametiwa klorini chupa iwe na dawa ya kuiua klorini hiyo. Zote ziingie kwenye boksi la barafu, na ya bakteria ifike maabara siku hiyo hiyo. Ukitoka Longido saa kumi jioni siku ya Ijumaa na sampuli ya bakteria, umepoteza fedha yako.

Kwa kila safari ya sampuli kumi, ongeza mbili: moja rudufu kutoka kisima kimoja bila kuiambia maabara, na moja ya maji safi yasiyo na chumvi (yaliyokenekwa), uliyoyabeba na kuyafungua kule kule kisimani. Rudufu zikitofautiana sana, au maji safi yakionekana na chumvi, kuna kosa njiani. Ubahili kwenye hizi mbili unaharibu zile kumi zote.

Kuna mita ndogo ya TDS inauzwa madukani. Haiwezi kunisaidia?

Inasaidia kuona mabadiliko. Kama kisima chako husoma 450 siku zote na leo kimesoma 700, kuna kitu, peleka maabara. Lakini haijui floraidi. Inapima chumvi zote kwa pamoja kupitia umeme. Wapo wauzaji wa mashine za kuchuja wanaopita mitaani na mita hii, wanaichovya kwenye maji ya mteja, wanaonyesha namba na kumtisha. Namba ile peke yake haisemi maji ni sumu wala haisemi ni salama.

Majibu yamekuja, karatasi imejaa namba. Nisomeje?

Anza kwa kuangalia kama karatasi inajikubali yenyewe. Maji hayana umeme uliobaki: chaji chanya za kalsiamu, magnesiamu, sodiamu na potasiamu lazima zikaribiane na chaji hasi za baikaboneti, kloridi, salfeti, naitreti na, hapa kwetu, floraidi. Tofauti ikizidi asilimia 5, iulize maabara kwa heshima, na urudie. Maabara nzuri haichukii swali hilo.

Kisha linganisha na msingi wako, siyo na kiwango cha taifa tu. Floraidi iliyopanda kutoka 0.7 hadi 1.3 bado iko ndani ya kiwango, lakini mimi ningelala macho juu ya kisima hicho.

Tuna visima vitatu kijijini. Tunaweza kujua maji yanaelekea wapi?

Mnaweza, mradi visima visiwe kwenye mstari mmoja. Pimeni kina cha maji kwenye vyote siku moja, pampu zikiwa zimepumzika, na mjue mwinuko wa mdomo wa kila kisima kutoka usawa wa bahari. Toeni kina kwenye mwinuko. Tuseme mdomo wa kisima cha shule uko mita 1,310 na maji yako mita 42 chini: maji yako kwenye 1,268. Cha zahanati mdomo uko 1,302, maji mita 30 chini: yako kwenye 1,272. Shule iko juu kwa macho, lakini chini ya ardhi maji yako juu zaidi upande wa zahanati, kwa hiyo kati ya hivyo viwili yanavutwa kuelekea shuleni. Kisima cha tatu ndicho kinachowapa uelekeo kamili. Mwinuko msiuchukue kwenye simu, inakosea kwa mita nyingi. Mtafuteni mpimaji ardhi kwa siku moja.

Mkishajua uelekeo mtajua choo kichimbwe upande gani, na jalala lisiwekwe wapi.

Mdogo wangu anafanya kazi kwenye makaa ya mawe Mbinga. Maji ya huko yana shida kama yetu?

Shida ya huko inakuja kwa njia nyingine, karibu kinyume cha yetu. Arusha na Kilimanjaro hatuna mgodi wa makaa ya mawe. Makaa ya Tanzania yako kusini na kusini-magharibi, Ngaka huko Mbinga, Kiwira, Mchuchuma huko Ludewa, kwenye miamba ya Karoo yenye umri unaozidi miaka milioni 250. Ndani ya makaa na mawe yanayoyazunguka mara nyingi kuna pairiti, madini ya chuma na salfa. Yakiwa yamefunikwa chini ya maji hayana neno. Mgodi ukiyafunua, hewa na maji vikayafikia, yanageuka kuwa asidi ya salfuriki na chuma. Asidi hiyo inashusha pH na kuyeyusha metali nyingine kwenye mawe, manganizi, aluminiamu, wakati mwingine aseniki. Kwetu pH iko juu na floraidi inayeyuka. Huko pH inashuka na metali ndizo zinazoyeyuka. Kiasi cha pairiti kinatofautiana mgodi hadi mgodi, ndiyo maana mawe yapimwe kabla hayajachimbwa, siyo maji peke yake.

Dalili ya kwanza kwenye kisima cha jirani wa mgodi kwa kawaida siyo maji machungu wala rangi ya kutu. Ni salfeti, inayotokana na asidi hiyo ya salfuriki. Inasafiri na maji bila kushikwa sana na udongo, inatangulia metali. Mwanzoni mawe yenye chokaa yanaiua asidi, kwa hiyo pH inabaki nzuri miaka kadhaa na kila mtu anatulia. Salfeti inapanda, uwezo wa maji kuhimili asidi unapungua, na siku chokaa ikiisha pH inaanguka ghafla. Anayepima pH peke yake atajua kwa kuchelewa sana.

Kuna mengine ya kufuatilia huko. Baruti za migodini zina amonia naitreti, hivyo naitreti na amonia hupanda kwenye maji karibu na shimo. Karakana humwaga dizeli na oili. Na pampu za kukausha shimo zinashusha kiwango cha maji hadi visima vya kijiji vinakauka, hata kama maji yenyewe hayajachafuka. Wanakijiji wanaambiwa ni ukame. Daftari la kina cha maji la kila mwezi ndilo linaloweza kuonyesha kama ni ukame au ni pampu.

Mgodi unakuja kijijini kwetu. Tudai nini kabla haujaanza?

Dai la kwanza, lizidi mengine yote: maji yapimwe kabla ya kijiko cha kwanza cha udongo, walau mwaka mzima, masika na kiangazi, kwenye visima na chemchemi mnazonywa sasa. Bila msingi huo, siku mtakapolalamika mtaambiwa maji yenu yalikuwa hivyo tangu zamani, na hamtakuwa na cha kujibu. Hapa Arusha tunalijua hilo vizuri: kwa sababu floraidi ni ya asili, mchafuzi yeyote anaweza kujificha nyuma ya mlima.

Kisha visima vya uchunguzi, vilivyochimbwa kwa kazi hiyo tu. Angalau kimoja kiwe upande maji yanakotoka kabla ya kufika mgodini, na kadhaa upande yanakoelekea, karibu na shimo, karibu na kifusi cha mawe taka, karibu na bwawa la maji machafu, na kimoja kati ya mgodi na kijiji. Viwe vya vina tofauti, maana uchafu unaweza kupita kwenye tabaka moja na kuacha nyingine. Kisima cha upande wa juu ndicho kinachotenganisha asili na mgodi: vikibadilika vyote pamoja, tafuta sababu kwenye majira, vikibadilika vya chini peke yake, sababu iko katikati.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira kwa mradi kama huo. Ombeni kuiona, someni sehemu ya maji, na muulize majibu ya ufuatiliaji yatabandikwa wapi ili mwananchi ayasome. Mtu wenu, mliyemchagua nyinyi, awepo sampuli zinapochukuliwa.

Na mgodi ukifungwa?

Ufuatiliaji uendelee. Mara nyingi hapo ndipo hatari inapoongezeka: pampu zinazimwa, maji yanapanda kwenye shimo na kuosha mawe ambayo yamekaa na hewa miaka yote ya uchimbaji. Fedha za kupima miaka hiyo zitengwe mgodi ukiwa bado unauza makaa.

Kisima changu kina floraidi miligramu 6. Nimekitumia fedha nyingi. Nikifukie?

Usikifukie. Tenga matumizi. Kuoga, kufua, choo, ujenzi, tumia bila hofu. Yanayokwenda tumboni, ya kunywa na kupikia, ndiyo yatafutiwe njia.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Bati la mita 40 za mraba, mvua ya milimita 800 kwa mwaka, ukikamata asilimia 80, unapata lita 25,600. Familia ya watu sita ikitumia lita 5 kila mtu kwa kunywa na kupika inahitaji lita 30 kwa siku, yaani 10,950 kwa mwaka. Maji yanatosha na kubaki. Kinachotakiwa ni tangi la kuvuka kiangazi. Miezi mitano ni lita 4,500. Mvua ya kwanza iache ioshe bati, kisha kinga.

Ukiwa na maji kidogo ya mvua, changanya. Ndoo moja ya kisima chenye 6 na ndoo tatu za mvua zinakupa 1.5. Pimisha mchanganyiko huo mara moja ili ujiridhishe.

Mkaa wa mifupa umefanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, na unafanya kazi kweli. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa hewa kidogo, inasagwa, inajazwa kwenye ndoo au pipa, maji yanapita. Kuna wanaoukataa kwa sababu ya imani kuhusu mifupa ya mnyama asiyejulikana alichinjwaje. Waulizeni kabla hamjaufunga shuleni. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba unachoka kimyakimya. Maji yanaendelea kutoka maangavu, lakini floraidi inapita. Chujio bila kipimo kila baada ya miezi michache linakupa amani ya uongo. Njia ya shabu na chokaa, iliyotoka Nalgonda huko India, nayo ipo, ila inataka mtu makini wa kupima dozi kila siku. Hapa hapa Arusha, kutoka Taasisi ya Nelson Mandela, Dk. Askwar Hilonga alitengeneza chujio lililopata tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015. Chochote utakachochagua, pima maji yanayoingia na yanayotoka.

Mtoto wangu meno yameshakuwa ya kahawia. Akinywa maji mazuri sasa yatarudi meupe?

Yaliyokwishaota hayatarudi kwa kunywa maji mazuri. Daktari wa meno anaweza kuyasafisha au kuyafunika. Madoa yanajengeka jino likiwa bado ndani ya fizi, hadi karibu miaka 8. Kwa hiyo mtoto wa miaka miwili uliyenaye bado unaweza kumuokoa, na mifupa ya huyu mkubwa pia. Floraidi nyingi kwa miaka mingi inakakamaza viungo na mgongo, na kwa watoto inapinda miguu. Mpe maziwa, dagaa na mboga za majani, kalsiamu inasaidia kuzuia floraidi isifyonzwe sana. Na tafadhali, asichekwe shuleni. Walimu mlioko Meru na Arumeru, hili liko mikononi mwenu.

Maji yetu Marangu yamepimwa ni mazuri, mbona watoto wana madoa?

Angalieni magadi. Yale tunayotia kwenye maharage, makande na kiburu (ndizi na maharage) ili viive upesi yanaweza kuwa na floraidi nyingi sana, kutegemea yalikochimbwa. Mtoto anaachishwa ziwa kwa kiburu, kipindi kile kile meno yanajengeka. Loweka maharage usiku kucha, yataiva bila magadi. Chai kali ya rangi nayo ina floraidi yake.

Nikapime wapi, na nikiona tatizo niende kwa nani?

Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji Arusha na Moshi, zinapokea sampuli za wananchi kwa malipo na zinatoa chupa ukiomba mapema. Vibali vya kuchimba na kutumia maji, na malalamiko ya chanzo kuchafuliwa, ni vya bodi ya bonde chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Maeneo mengi ya Arusha mjini, Arumeru, Hai na Moshi yako chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao Moshi. Sehemu za Monduli na Longido zinaangukia Bonde la Kati, ambalo makao yake ni Singida. Skimu za vijijini ziko chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, tangu 2019. Uchafuzi wa kiwanda au mgodi upelekwe pia NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira.

Nenda na maandishi. Daftari la kisima liwe na tarehe, saa, jina la aliyepima, kina cha maji, pampu ilikuwa imepumzika kwa saa ngapi, hali ya mvua wiki hiyo, na nakala ya kila karatasi ya maabara ikiwa imebanwa nyuma. Nakala ya pili ikae ofisi ya kijiji au ya mtaa, kwa sababu makatibu wa kamati hubadilika na madaftari huondoka nao.